Kubadilisha Gari la Michezo kwa Gari la Kifahari Ukiwa Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yanatoka kwa wamiliki wa magari wa Dodoma, Singida na Iringa ambao wana gari la michezo wanalolipenda kwa dhati, na sasa wanafikiria kulipeleka yadi, kuongeza fedha juu yake na kuondoka na gari tulivu zaidi. Mwandishi aliendesha Subaru Impreza WRX STI kwa miaka mingi kabla ya kuchukua Toyota Crown Athlete, kwa hiyo mifano mingi imetoka katika magari hayo mawili. Hata hivyo, mengi yaliyomo humu yanamhusu pia mwenye Altezza, Chaser, Fairlady Z au RX-8.

Nitajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika?

Tazama unavyolitumia gari leo, wala si unavyokumbuka ulivyolitumia zamani. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, watu wengi walijikuta wakifanya kazi huku familia zikiwa Dar es Salaam, na safari ya takribani kilomita 450 ikawa jambo la kila mwisho wa wiki. Katika barabara hiyo gari la michezo halipati nafasi ya kuonyesha ubora wake. Buigiri, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo na Dumila zote zina maeneo ya kilomita 50 kwa saa, askari wenye tochi za kupima mwendo, matuta na rasta, na kati ya mji na mji utakuwa nyuma ya foleni ya malori. Shokapu ngumu na viti vinavyobana mbavu, vitu vilivyokufurahisha kwa nusu saa, huwa adhabu katika saa ya tano ya safari, hasa kwa mzazi aliyekaa nyuma.

Lakini kuna upande wa pili, na ningependa upimwe kwa uzito uleule. Tangu treni ya SGR ianze kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, baadhi ya watu hao hawaendeshi tena safari hiyo. Gari lao sasa linatoka mitaa ya Kisasa au Ilazo kwenda Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, na kurudi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, ile sababu kubwa ya kutaka gari la kifahari, yaani starehe ya safari ndefu, imekwishapungua, na ushauri wangu ni kubaki na gari unalolipenda mpaka sababu nyingine ya kweli ijitokeze. Kuonekana ofisini ukishuka kutoka gari kubwa si sababu inayodumu.

Je, gari la kifahari litakuwa na nguvu kama gari langu?

Inategemea injini, na hapa Dodoma inategemea pia mwinuko. Mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. STI ya Kijapani yenye injini ya lita 2.0 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, na huku juu bado unazisikia. Crown Athlete ya lita 2.5 iliyotengenezwa kati ya mwaka 2008 na 2012 ina nguvu za farasi zinazozidi 200 kidogo tu, haina tabo, na mwili wake ni mzito zaidi. Mtu anayetoka katika gari la tabo na kuingia katika hilo ataona tofauti siku ya kwanza anapotaka kulipita lori.

Anayehitaji nguvu za kuridhisha atafute Crown ya lita 3.5, yenye nguvu za farasi 315, au gari la Kijerumani lenye tabo. Anayejua kwamba hatazihitaji achukue lita 2.5 kwa moyo mweupe. Injini hiyo ni laini, inanyamaza barabarani, na kwa mwendo wa kawaida inampeleka mtu Morogoro bila uchovu.

Kwa nini yadi nyingi hulipa bei ndogo gari la michezo?

Mwenye yadi hanunui gari kwa sababu analipenda. Ananunua ili aliuze upesi, na wanunuzi wa gari la gia za mkono lenye tabo ni wachache mno mjini Dodoma ukilinganisha na wanaotafuta Harrier au Prado. Anajua kwamba gari lako linaweza kukaa uani miezi mingi likipigwa jua, na muda huo wote fedha zake zimelala. Aidha, kila kitu ulichofunga kwa upendo, kuanzia ekzosi pana hadi tabo kubwa zaidi na programu ya injini iliyobadilishwa, yeye anakiona kama alama ya swali kuhusu afya ya injini. Gari la michezo lililobaki katika hali yake ya kiwandani, lenye kumbukumbu za sevisi, hupata bei nzuri kuliko lile lililotumiwa fedha nyingi kulibadilisha.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni namna bei mbili zinavyochanganywa kuwa moja. Tuseme yadi ya kwanza inakadiria gari lako kuwa shilingi milioni 18 na inauza lake kwa milioni 42, kwa hiyo utaongeza milioni 24. Yadi ya pili inakusifia gari, inakupa milioni 22, kisha gari la aina ileile na hali ileile inaliuza kwa milioni 48, na nyongeza yako inakuwa milioni 26. Wengi huikubali ya pili, kwa sababu inauma kusikia gari unalolipenda likitajiwa bei ya chini, na hawatambui kwamba wamelipia sifa hizo shilingi milioni mbili. Uliza kwanza bei ya gari lao kwa mtu anayelipa fedha taslimu bila kubadilisha chochote, uandike, kisha ndipo uonyeshe la kwako. Kinacholinganishwa kati ya yadi na yadi ni nyongeza pekee, kwa magari yanayofanana mwaka, injini na hali.

Basi si bora niuze mwenyewe?

Kwa gari la michezo, mara nyingi ndiyo. Mnunuzi anayelitafuta hasa gari la namna hiyo anajua thamani yake, na wengi wao wako Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kwa hiyo uwe tayari kwa mtu atakayesafiri kuja kuliona au atakayemtuma fundi wake. Hasara yake ni muda, pamoja na watu wanaokuja kulijaribu tu ili wapate kuliendesha. Usimpe mtu yeyote usukani kabla ya kukubaliana bei, na ukae naye ndani ya gari. Anayehama kikazi na hana miezi miwili au mitatu ya kusubiri atumie yadi, akijua kwamba analipia haraka hiyo.

Gari gani la kifahari linafaa kwa mazingira ya Dodoma?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu ni jina la gari, ilhali jibu linaanza kwa fundi. Kabla ya kuchagua, nenda kwa fundi unayemwamini umuulize ni magari gani ya kifahari anayafungua kila mwezi, ana mashine ya kupima mfumo wa umeme wa magari gani, na spea zake anazipata wapi. Gari zuri ambalo kila hitilafu yake inahitaji kubebwa hadi Dar es Salaam halitakupa starehe uliyoinunua.

Kwa kipimo hicho, Crown ndilo gari ninalolipendekeza kwa watu wengi. Mafundi wanalifahamu, spea zake nyingi zinapatikana, na starehe yake ni ya kweli. Udhaifu unaojulikana wa injini ya lita 2.5 ya kizazi cha 2008 ni kujenga masizi ndani kwa sababu mafuta yanapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, hivyo injini inayotetemeka ikiwa imesimama isipuuzwe.

Mercedes-Benz E-Class iliyotengenezwa kati ya mwaka 2009 na 2016 ni gari lenye utulivu ambao Crown haiufikii, na mtu akiupenda simlaumu hata kidogo. Matoleo yenye injini ya lita 1.8 ya tabo yana tatizo linalofahamika la kurefuka kwa cheni ya taimingi, kwa hiyo mlio wa kukwaruza sekunde za kwanza baada ya kuwasha injini iliyopoa ni sababu ya kuliacha. BMW ya mfululizo wa 5 ya kipindi hichohicho, yenye injini ya lita 2.0 ya tabo, ina udhaifu katika miongozo ya cheni, na hiyo pia hutoa mlio unaosikika. Ndiyo inayoendeshwa kwa raha kuliko yote niliyoyataja, na dereva anayetoka katika gari la michezo atajisikia nyumbani ndani yake. Lexus LS 460, iliyotoka mwaka 2006 ikiwa na injini ya lita 4.6 na gia nane, ni starehe iliyokamilika, lakini bushi za mbele huchakaa na mafuta yake yanahitaji mfuko usioyumba.

Land Cruiser V8 ni habari nyingine. Inalinda thamani yake kuliko magari yote haya na haiogopi barabara yoyote ya mkoa, ila bei yake iko mbali, na mwili wake unaokaa juu ya chesisi huyumba kwa namna ambayo mtu aliyezoea Impreza itamchukua muda mrefu kuizoea.

Vipi kuhusu magari ya haibridi?

Magari haya yanayotumia petroli pamoja na umeme yanafaa, hasa Crown ya lita 2.5 iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2012, mradi ukumbuke vumbi. Betri kubwa ya gari hilo hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo upande wa kiti cha nyuma. Vumbi jekundu la Dodoma likiziba njia hiyo betri huchemka na kufa mapema. Tundu hilo lisafishwe katika kila sevisi, na lisizibwe kwa mizigo wala matandiko.

Gari langu la sasa linagusa chini kwenye matuta. Je, gari la kifahari litaondoa tatizo hilo?

Ukichagua saluni, huenda likaongezeka. Impreza ile ina takribani mita 2.54 kati ya tairi la mbele na la nyuma, ilhali Crown ya kizazi cha 2008 ina mita 2.85. Magari mawili yakiwa na kimo sawa kutoka ardhini, lile refu ndilo linalokwama tumbo juu ya tuta. Barabara nyingi za mitaa ya Nzuguni, Nkuhungu na Iyumbu bado ni za udongo, na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili huziacha na makorongo. Lipitishe gari unalotaka kununua kwenye njia ya kuingia nyumbani kwako, ukiwa na abiria wanne, kabla ya kulipa chochote.

Nikague nini kabla ya kukubali?

Omba lioneshwe likiwa halijawashwa siku hiyo, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha milio mingi. Kama lina shokapu za hewa, fika asubuhi na mapema ulitazame lilivyokaa. Lililolala upande mmoja usiku linavuja, na matengenezo yake ni ghali. Kiyoyozi kijaribiwe saa saba mchana juani, ambapo ndipo utakapokihitaji. Giaboksi ya otomatiki ibadilishe gia bila kugonga, ikiwa ya moto na ikiwa baridi, na fundi alipime gari kwa mashine na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa, hata kama taa za dashibodi zote zimezimika.

Kwa gari lililotoka Japani, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari ilipouzwa mnadani, na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita zilizoandikwa humo na zile zinazosomeka kwenye dashibodi. Gari la kifahari ndilo hupunguziwa kilomita mara kwa mara, kwa kuwa linabaki kuonekana jipya ndani hata likiwa limechoka. Kagua pia tarehe ya tairi. Tarakimu nne za ubavuni zinataja wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la hapa hukausha mpira upesi, na tairi lenye kashata (mikato ya juu) nzuri lakini la zamani halifai kwa mwendo wa barabara kuu.

Gharama zitaongezeka kwa kiasi gani?

Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mzigo mkubwa uko katika bima, mafuta, tairi na spea. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na 3.5 ndicho kiwango kinachozoeleka kwa gari la binafsi, hivyo gari la milioni 42 linadai karibu milioni moja na nusu kwa mwaka kabla ya kodi. Simshauri mtu yeyote kuendesha gari la kifahari kwa bima ndogo. Taa moja ya mbele ya E-Class inaweza kumaliza akiba ya miezi kadhaa.

Kama unaagiza mwenyewe badala ya kununua yadi, kumbuka kwamba ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 huongezewa ushuru wa bidhaa kulingana na injini, asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, pamoja na nyongeza ya uchakavu kwa gari lenye umri wa miaka minane na kuendelea, ambayo hupanda hadi asilimia 30 likipita miaka kumi. Ndiyo maana Crown ya mwaka 2010, ambayo inauzwa bei ndogo mnadani Japani, hufika Dodoma ikiwa na bei inayowashangaza watu.

Karatasi zipi zikamilike siku ya kubadilisha?

Mabadilishano ya magari ni mauzo mawili, na kila moja liwe na mkataba wake uliosainiwa mbele ya wakili, ukitaja namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini na thamani iliyokubaliwa. Hakikisha kadi ya gari unalopokea ipo mkononi, si picha yake, kwa kuwa kadi isiyokuwepo mara nyingi iko benki kama dhamana ya mkopo. Angalia kwa namba ya usajili kama kuna faini za trafiki au ada za maegesho ambazo hazijalipwa. Nyongeza ipitie benki.

Uhamisho wa umiliki TRA usiachwe kwa ahadi. Yadi nyingi hupenda kulipokea gari lako na kuliacha kwa jina lako mpaka lipate mnunuzi, ili ada ya uhamisho na ushuru wa stempu ulipwe mara moja tu. Kwako hilo ni hatari, kwa sababu kila kosa litakalofanywa na gari hilo barabarani linamtafuta mwenye jina kwenye kadi. Likataliwe kwa upole na kwa uthabiti.

Je, siwezi kubaki na yote mawili?

Ukiweza kulitunza, ni uamuzi mzuri sana, na ningefurahi kuuona ukifanywa na watu wengi zaidi. Ila gari lililoegeshwa halipumziki. Petroli huchacha, betri hushuka, sili hukauka na kuanza kuvuja, na panya hutafuna nyaya. Linahitaji paa, kuendeshwa kila wiki hadi injini ipate moto kamili, na kubadilishiwa oili kwa muda hata kama kilomita hazijatimia. Kulifunika turubai nyuma ya nyumba kwa matumaini kwamba siku moja utalirudia ni kuliua polepole, na ni afadhali liende kwa mtu atakayeliendesha.

Nachelea kwamba atakayelichukua ataliharibu. Nifanye nini?

Hofu hiyo ni ya haki, nami niliibeba. Huwezi kumwamrisha mwenye gari mpya, lakini unaweza kumchagua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuza mwenyewe. Mnunuzi anayeuliza taimingi beliti ilibadilishwa lini, oili gani imetumika na klachi ina umri gani, mpe nafasi hata kama anatoa pungufu kidogo ya yule anayeuliza tu linakimbia kilomita ngapi kwa saa.

Mkabidhi daftari la sevisi na umweleze kwa kinywa chako mambo ambayo hayapo kwenye karatasi. Kwa STI ni haya: oili ipimwe kila mara ajazapo mafuta, injini isikanyagwe kabla haijapata moto, baada ya mwendo wa kasi aendeshe taratibu dakika chache kabla ya kuzima ili tabo ipoe, na taimingi beliti isipite kilomita 100,000. Mwambie pia kwamba injini hizo zilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu inayouzwa Japani, hivyo akisikia injini inagonga mlimani apunguze mguu na amwone fundi. Vifaa vya asili ulivyoviondoa na kuvihifadhi, viende na gari. Kwake vina thamani kubwa, kwako vitajaza stoo.

Nikishalipata gari jipya, nianze na nini?

Badilisha oili ya injini, filta zote na oili ya giaboksi bila kujali yadi imesema nini, kisha uandike tarehe na kilomita. Filta ya hewa ikaguliwe mara nyingi zaidi ya kitabu kinavyosema, hasa miezi ya Agosti hadi Novemba. Hakikisha una funguo mbili, maana kutengenezewa ufunguo wa gari la kisasa ni kazi ndefu. Redio ya gari la Kijapani imepangwa kwa masafa ya FM ya nchi yao, yanayoanzia 76, na bila kifaa cha kuyabadilisha hutapata stesheni nyingi za hapa. Fundi umeme hukifunga kifaa hicho kwa muda mfupi. Halafu, kabla ya wiki mbili kupita, liendeshe hadi Morogoro na kurudi mchana, ukiwa na familia na mizigo, na chochote kitakachojitokeza kipeleke yadi kwa maandishi wakati kumbukumbu za mauzo bado ni mbichi.